Nukuu zisizohesabiwa: kazi ya mwanabiolojia wa molekuli wa Dar es Salaam tunaipima kwa lipi?

Mwanamaabara (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninafanya kazi ya ufundi sanifu katika maabara moja ya biolojia ya molekuli hapa Dar es Salaam. Kwa miaka 14 nimekuwa nikitenga DNA, kupakia jeli na kulinda jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, ambalo umeme ukikatika usiku wa manane anayepigiwa simu ni mimi. Mwezi uliopita mkuu wa maabara yetu, ambaye kazi yake ya miaka yote ni virusi vya muhogo, aliniomba nimsaidie kupanga faili la maombi ya kupandishwa cheo. Vyeti, nakala za makala, orodha ya wanafunzi aliowasimamia, vyote tulivipanga kwa siku mbili. Ikabaki karatasi moja yenye visanduku viwili: jumla ya nukuu, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa katika makala za wengine, na kipimo cha h. Nilifungua ukurasa wake wa Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, nikanakili namba mbili, nikafunga kompyuta. Kazi ya miaka mingi ilijazwa kwa dakika mbili, na tangu siku hiyo sijatulia.

Kwa wale ambao hawajakutana na kipimo cha h, hesabu yake ni nyepesi: ni namba kubwa kabisa ambayo mtu ana makala idadi hiyo, kila moja ikiwa imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo. Chukulieni mtafiti mwenye makala 9, zilizonukuliwa mara 64, 31, 18, 12, 9, 6, 5, 2 na 0. Tukizipanga kuanzia iliyonukuliwa zaidi, makala ya 6 ina nukuu 6, lakini makala ya 7 ina nukuu 5 tu. Kwa hiyo h yake ni 6, ingawa jumla ya nukuu zake zote ni 147. Makala ile yenye nukuu 64 ingenukuliwa mara 6,000, h ingebaki 6 vilevile. Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na leo hakuna faili la mwanasayansi linalosogea bila hicho.

Sasa nieleze kilichonikosesha usingizi. Miaka kadhaa iliyopita tulichuma majani ya muhogo katika mashamba ya Mkuranga. Jani mojawapo nalikumbuka vizuri, kwa sababu lilinisumbua: utomvu wake ulikuwa mwingi, DNA ikatoka na rangi ya chai, na PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, ilikataa mara tatu hadi nilipoisafisha upya na kuipunguza makali kwa maji mara kumi. Mara ya nne mstari ukaonekana kwenye jeli. Tulipeleka sampuli ikasomwe mfuatano wa vinasaba, tukausahihisha herufi kwa herufi, kisha tukauweka GenBank, ghala la wazi la mifuatano lililoanzishwa Marekani mwaka 1982, ambako kila mfuatano hupewa namba yake ya usajili. Namba ya jani lile naijua kwa moyo.

Juzi, nikiwa nasoma makala ya kundi la watafiti wa nje ya Afrika, niliiona namba ile ile. Ilikuwa kwenye ncha ya tawi moja la mti wa nasaba ya virusi, yaani mchoro unaoonesha undugu wao, katikati kabisa. Hoja yao nzima juu ya virusi vya pwani ya Afrika Mashariki ilisimama juu ya matawi machache, na moja lilikuwa jani letu la Mkuranga. Nikaenda haraka mwisho wa makala kwenye orodha ya marejeo, nikaisoma mara mbili. Makala yetu haimo. Namba ilikuwa imetajwa katika jedwali la nyongeza, ambalo hupakuliwa kama faili la pembeni, na mashine zinazohesabu nukuu husoma orodha ya marejeo, hazihesabu namba iliyomo ndani ya jedwali.

Kwa maana hiyo kazi yetu ilitumika kwelikweli, na katika kisanduku cha jumla ya nukuu thamani yake ni sifuri. Swali langu ni hili: je, kuna mtu hapa aliyewahi kuambatisha ushahidi wa namba za GenBank katika faili la kupandishwa cheo, na ulipokelewaje?

Bi Mkutubi

Mwanamaabara, ahsante kwa kuliweka jambo hili mezani. Mimi ni mkutubi katika chuo kimojawapo cha hapa mjini na sehemu kubwa ya wiki yangu hupita nikiwatafutia wahadhiri namba hizo hizo mbili, kwa hiyo naomba nieleze zilikotoka, maana asili yake inaeleza udhaifu wake.

Mtu aliyetuletea utaratibu wa kufuatilia nukuu kwa mpangilio ni Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa ya kuonesha makala ipi imetajwa na makala zipi. Lengo lake lilikuwa kumsaidia msomaji afuate wazo lilikokwenda na kuwagundua waliolipinga. Baadaye taasisi yake ya Philadelphia ilianza kutoa faharasa hiyo kwa sayansi zote, na kutokana nayo kikatokea kigezo cha athari cha jarida: unachukua nukuu ambazo jarida limepata mwaka huu kwa makala zake za miaka 2 iliyotangulia, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Kigezo hicho kilitusaidia sisi wakutubi tulipokuwa tunaamua fedha kidogo iliyopo inunue majarida yapi. Hakikutengenezwa kumpima mtu mmoja, na wanasayansi waliokutana San Francisco mwezi Desemba mwaka 2012, wengi wao wa biolojia ya seli, waliandika tamko la kutaka kigezo cha jarida kisitumike kabisa katika kuajiri au kupandisha cheo.

Jambo la pili ni kwamba hakuna jumla moja ya nukuu. Google Scholar husoma karibu kila andiko la kitaaluma inalolikuta kwenye intaneti, zikiwemo tasnifu, ripoti za miradi na nakala zilizopakiwa mara mbili, hivyo namba yake huwa kubwa. Scopus na Web of Science, faharasa nyingine za nukuu, huhesabu majarida waliyoyachagua wao tu, na majarida mengi ya kwetu hayamo. Mtafiti aliyechapisha matokeo yake katika jarida la hapa nyumbani ili maofisa kilimo wa wilayani wayapate bila malipo, anaweza kuwa na namba tatu tofauti siku moja, na ile ya chini ndiyo inayoonekana rasmi. Ninapowaandalia wahadhiri taarifa, siku zote naandika namba imetoka wapi na tarehe gani. Wengi hawafanyi hivyo, na kamati hubaki ikilinganisha vipimo vya mizani tofauti.

Kuhusu swali lako, sijaletewa faili lenye namba za GenBank hata moja. Ningependa kuwa wa kwanza kuliona.

Mstaafu wa Mlimani

Wanangu, nimesoma kwa makini, na kwa kuwa nilikaa katika kamati za aina hiyo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba nisimame upande wa pili kidogo.

Ninyi mnaona visanduku viwili vinavyomdhulumu mtu. Mimi nakumbuka wakati ambao visanduku hivyo havikuwepo. Faili lilikuja mezani, mjumbe mmoja akasema huyu kijana namfahamu, ni mchapakazi, na mwingine akasema huyu ana kiburi, na kwa maneno hayo mawili mmoja akapanda na mwenzake akabaki miaka minne. Hakukuwa na kitu cha kukata rufaa nacho. Namba zilipokuja, hata zikiwa na kasoro zake, mtu aliyekaa kimya maabara bila kujipendekeza kwa yeyote aliweza kuweka karatasi mezani na kusema: kazi yangu wameitumia watu wasionijua. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na nasikitika kila ninaposikia vijana wakizidharau namba kana kwamba kilichokuwepo kabla yake kilikuwa haki.

Pili, nina hofu na pendekezo la kuhesabu namba za usajili. Mtu mwenye mashine mpya za kusoma vinasaba anaweza kumimina mifuatano maelfu GenBank ndani ya mwezi mmoja bila kufikiri chochote. Tukianza kutoa alama kwa idadi ya mifuatano, mwaka unaofuata tutapata mafuriko ya mifuatano.

Nakubaliana nanyi katika jambo moja, nalo ni kulinganisha fani zisizolingana. Hirsch mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 2005, alionesha kwamba wanasayansi wa viumbe hai hupata h kubwa kuliko wanafizikia: aliyeongoza orodha yake ya fizikia alikuwa na 110, na aliyeongoza ya sayansi ya viumbe hai alikuwa na 191. Mwaka 2020 akaandika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara makubwa ambayo hakuyakusudia. Katika kamati nimeona mtaalamu wa hisabati akiwekwa kwenye mizani moja na mtu wa biolojia ya molekuli, na hakuna aliyestuka.

Mwanamaabara

Shikamoo Mzee wangu. Hoja yako nimeipokea kwa uzito wote, hasa ile ya rufaa, kwa sababu sisi wa maabara ndio tusiofahamika na wajumbe. Sitaki namba ziondolewe. Ninachosema ni kwamba namba ya nukuu haitwambii kazi imetumika kwa namna gani, na katika fani yetu tofauti ya namna ni kubwa mno.

Tazama makala iliyonukuliwa kuliko zote duniani. Si ile ya mwaka 1953 ya Watson na Crick juu ya umbo la DNA. Jarida la Nature lilipopanga makala 100 zilizonukuliwa zaidi, mwaka 2014, ile ya DNA haikuingia hata katika hizo 100. Ya kwanza ilikuwa ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini ndani ya kimiminika, ikiwa na nukuu zaidi ya 300,000. Ya pili ilikuwa ya Laemmli ya mwaka 1970, kuhusu kutenganisha protini kwenye jeli, na ya tatu ya Bradford ya mwaka 1976, ambayo nayo ni ya kupima protini. Mimi ya Bradford naitumia karibu kila wiki: unadondosha rangi ya kahawia kwenye kisahani chenye visima 96, na kisima chenye protini kinageuka buluu mbele ya macho yako. Kila anayepima hivyo anamtaja Bradford. Lowry mwenyewe alikiri kwamba anajua makala yake si kubwa kwa fikra. Kwa hiyo nukuu nyingi katika biolojia ya molekuli mara nyingi zina maana ya kifaa kizuri, nacho ni mchango wa kweli kabisa, lakini mtu asiyejua hilo ataisoma namba visivyo.

Baada ya kuandika uzi huu, usiku nilifanya zoezi. Nilichukua makala moja ya mkuu wangu yenye nukuu 27 nikazifungua zote, moja baada ya nyingine, nikatafuta sentensi iliyomtaja. Nilipata 16 ambazo zinamtaja katika aya ya kwanza pamoja na watu wengine watano, kwa sentensi inayosema muhogo ni zao muhimu na virusi huuharibu. Sentensi hiyo angeweza kunukuliwa mtu yeyote. Nukuu 5 zilitumia vianzio vya PCR, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili, tulivyovibuni sisi. Nyingine 3 zililinganisha matokeo yao na yetu, mojawapo ikitupinga kwa hoja nzuri. Nukuu 2 zilikuwa zake mwenyewe. Na 1, moja tu, ilijenga utafiti mzima juu ya alichokigundua, ikaenda mbele ya pale tulipoishia. Kwa mashine zote 27 ni sawasawa.

Fikiria pia hadithi ya ugonjwa wenyewe. Michirizi kahawia ya muhogo ilielezwa na Storey mwaka 1936, akifanya kazi Amani, Tanga, katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki ambalo wasomaji wake walikuwa wachache. Ni ugonjwa wa hila: shamba linaweza kuonekana lina afya, majani yamesimama, mkulima anang'oa na kukuta mizizi imeoza ndani. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani, basi. Ulipoanza kuenea Uganda katika miaka ya 2000, kila aliyeandika alilazimika kurudi Amani. Mwaka 2005 Joseph Ndunguru na wenzake walichapisha katika Virology Journal kwamba virusi vya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, vina aina nyingi mno hapa Tanzania, wakatoa ushahidi kwamba Afrika Mashariki ni kitovu cha utofauti wa virusi hivyo. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa na wenzake wakatoa katika Journal of Virology mfuatano kamili wa virusi vya michirizi kahawia kutoka sampuli ya Tanzania, wakakuta ndani yake jeni inayofanana na HAM1, jeni ya viumbe wenye seli, ambayo ni kitu cha ajabu kwa familia ile ya virusi. Mfuatano kamili wa namna hiyo huwa ndiyo kipimo cha kulinganishia kila sampuli inayokuja baadaye. Unapopita kwenye miti ya nasaba ya virusi hivi unaziona namba za Tanzania kila mahali. Nukuu hazipiti njia hiyo kila mara.

Kuhusu mafuriko ya mifuatano, Mzee, nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana sitaki ihesabiwe mifuatano iliyowekwa. Nataka ihesabiwe iliyotumiwa na wengine.

Kijana wa Uzamili

Shikamooni wakubwa. Nina maswali mawili, nami niko mwaka wa kwanza wa shahada ya pili.

Kwanza, nilipofungua ukurasa wa msimamizi wangu wa Google Scholar nilikuta makala tatu za upasuaji wa mifupa, wakati yeye anashughulika na bakteria. Jina lake la ukoo ni la Kichaga na wenye jina hilo ni wengi. Je, nukuu hizo zinaingia kwake? Pili, kuna mtafiti ninayemheshimu mwenye nukuu nyingi mno, lakini karibu zote zinatokana na makala mbili zenye waandishi zaidi ya mia moja. Tunamsomaje mtu huyo?

Bi Mkutubi

Marahaba mwanangu. La kwanza ni rahisi: ndiyo, zinaingia, hadi mwenyewe aziondoe, na akiziacha akijua, hilo ni tatizo la uadilifu. Kinyume chake huwaumiza zaidi wanawake walioolewa katikati ya masomo wakabadili jina, kwani nusu ya kazi yao hubaki kwa jina la zamani na mashine huwaona watu wawili. Nilikaa na mama mmoja mhadhiri mchana mzima tukiunganisha kurasa zake mbili, na h yake ikapanda kutoka 7 hadi 11 bila kuandika neno jipya. Dawa yake ni kujisajili ORCID, namba ya utambulisho yenye tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, na kuiandika katika kila makala unayotuma. Ni bure. Fanya leo, kabla hujachapisha ya kwanza.

La pili nawaachia wanaofanya kazi katika mitandao mikubwa ya utafiti.

Sampuli ya Damu

Naomba nijibu hilo la pili, kwa kuwa niko upande wa malaria, ambako makala zenye waandishi wengi ni jambo la kawaida.

Katika fani yetu nafasi ya jina ina lugha yake. Mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake, wa mwisho kwa kawaida ni mkuu wa maabara aliyebuni na kutafuta fedha, na waliomo katikati ni mchanganyiko wa kila mtu kuanzia aliyekusanya damu vijijini hadi aliyeandika programu ya uchambuzi. Wengi wetu Watanzania tulikuwa katikati kwa muda mrefu. Sampuli zilitoka kwetu, zikasafirishwa, zikasomwa kwingine, na jina likawekwa la kumi na nane. Nukuu zilikuja kwa wingi na h ikapanda, lakini ukituuliza swali la utafiti lilikuwa la nani, wengi tungeinamisha vichwa. Kwa hiyo kijana, kwa mtu huyo unayemheshimu, toa kando zile makala mbili, kisha angalia makala ambazo yeye ni wa kwanza au wa mwisho. Hapo ndipo utakapomwona.

Ningependa pia kuongeza matumizi ambayo hayana hata mti wa nasaba wa kuonekana. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingiza dawa mseto. Usugu ulifuatiliwa kwa kuangalia wagonjwa waliotibiwa bila kupona, na pia kwa kutazama mabadiliko katika jeni za kimelea, zile za dhfr na dhps. Mtu aliyekaa akisoma mabadiliko hayo sampuli kwa sampuli alichangia katika uamuzi uliogusa kila zahanati ya nchi hii, na waraka wa mwongozo wa matibabu hauhesabiwi kuwa nukuu. Leo hali ni hiyo hiyo kwa jeni ya kelch13, inayohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini iliyomo katika dawa mseto, ambayo badiliko lake linaloitwa R561H limekutwa mkoani Kagera. Anayehitaji matokeo hayo haraka ni mpango wa kudhibiti malaria, na huyo hachapishi makala ya kukunukuu.

Na kuna suala la muda. Chikungunya ilielezwa na Robinson na Lumsden mwaka 1955 kutokana na mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, na jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Utafiti juu yake uliongezeka kwa kasi duniani baada ya mlipuko wa kisiwa cha La Réunion wa mwaka 2005 na 2006, ulioambukiza takriban theluthi moja ya wakazi. Hiyo ni nusu karne baadaye. Dirisha la miaka 2 la kigezo cha jarida lingesema nini juu ya kazi ya mwaka 1955?

Mstaafu wa Mlimani

Nimewasikiliza, na mwanangu Mwanamaabara amenijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Tofauti kati ya mfuatano uliowekwa na mfuatano uliotumiwa ni tofauti ninayoweza kuitetea mezani.

Lakini niwape sharti la mtu aliyekaa upande ule. Kamati haina muda wa kusoma nukuu 27 za kila makala, na mjumbe wa sheria au wa uhandisi hajui mti wa nasaba ni nini. Mkileta hadithi ndefu, itasomwa kama mtu anajitetea. Leteni karatasi isiyozidi kurasa mbili, iliyohakikiwa na mtu asiye wa maabara hiyo, ambamo kila dai linaweza kukaguliwa na mjumbe mwenye simu tu mkononi. Na mseme wazi nukuu za kujinukuu ni ngapi kabla hamjaulizwa. Mtu anayetaja udhaifu wake mwenyewe huaminiwa katika mengine.

Mwanamaabara

Mzee, maneno yako nimeyachukua kama yalivyo, na hii ndiyo taarifa ya nilichokifanya tangu jana jioni.

Nilianza kutafuta namba zetu za usajili moja moja. Google Scholar, ukiiweka namba ndani ya alama za kunukuu, hutafuta ndani ya makala nzima, kwa hiyo hukamata zile zilizotajwa katika jedwali la makala yenyewe. Europe PMC, maktaba ya mtandaoni ya makala za sayansi ya viumbe hai, ni bora zaidi kwa kazi hii, kwa sababu imetengenezwa kutambua namba za usajili ndani ya makala zilizo wazi na kuziunganisha na ghala. Kwa mifuatano 38 tuliyoiweka, nimepata makala 21 za watu wasio wa maabara yetu zilizotumia angalau mmoja. Kati ya hizo 21, makala 9 zimetunukuu pia kwa njia ya kawaida. Zilizobaki 12 hazimo katika namba ya Google Scholar hata kidogo.

Kuna mtego niliounasa karibu na usiku wa manane, nauandika hapa ili mtu asipoteze muda kama mimi. Waandishi wengi hawaorodheshi kila namba. Wanaandika namba ya kwanza na ya mwisho na kuweka neno "hadi" katikati. Ukitafuta namba ya katikati hutaipata kamwe, ingawa mfuatano wake umetumika. Ilibidi nitafute pia namba za kwanza na za mwisho za kila kundi tulilowasilisha siku moja. Faili nyingi za nyongeza bado zinabidi kufunguliwa kwa mkono; lile jani la Mkuranga sikulipata kwa njia nyingine.

Bi Mkutubi, naomba uwe mhakiki. Wewe si wa maabara yetu, na tarehe na chanzo cha kila namba unajua kuviandika kuliko mimi.

Bi Mkutubi

Nimekubali. Njoo Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa, uje na kompyuta yako na orodha ya namba 38. Jedwali tuliwekee namba ya usajili, makala iliyoitumia, mahali ilipotajwa kwa ukurasa au mchoro, ilitumika kwa kazi gani, na kama mwandishi alitunukuu au hakutunukuu. Zile 12 tutazitenga chini ya kichwa chake, na nukuu 2 za kujinukuu ziandikwe mstari wa kwanza kabisa, kama alivyoelekeza Mzee.

Pia zile makala 12, wengi wa waandishi wake wana anwani ya mawasiliano ukurasa wa kwanza. Tuwaandikie kwa heshima tuwaombe watakapotumia tena mifuatano hiyo waitaje makala. Barua nitaiandika mimi.

Kijana wa Uzamili

Nimejisajili ORCID sasa hivi. Vilevile nimejaribu njia ya alama za kunukuu kwa namba za msimamizi wangu, tano za kwanza tu. Moja imetokea katika makala ambayo nimekuwa nikiisoma tangu Januari, jedwali la 2, mstari wa saba. Nilipita juu yake kila siku bila kujua bakteria yule alitolewa katika chumba ninachofanyia kazi.